Ukija Rusizi Kula Samaki, Uliza Mpishi Ana Muda Gani Kazini

Kila mara chama kinapoitisha mkutano huku Rusizi, wajumbe wa Kigali, wa Huye na wa Musanze huniuliza jambo moja kabla hata ya kuuliza ajenda. Wanashuka katika basi pale Kamembe, migongo imewauma kwa zile kona za msitu wa Nyungwe, wanaliona ziwa lile chini linang'aa, halafu mmoja ananishika bega: "Ndugu, huku kwenu kunaliwa wapi?"

Miaka ya nyuma nilikuwa nikiwajibu kwa kuwatajia mahoteli. Siku hizi sianzi na majina. Ninawapa swali la kwenda kuuliza wakishaketi, na leo nataka kulieleza swali hilo katika ukurasa wetu wa Kiswahili, ili nisilirudie kwa kila mjumbe peke yake.

MAHALI PENYEWE

Rusizi ni jina la wilaya tangu mwaka 2006. Wazee na makondakta bado wanasema Cyangugu. Mji wa biashara ni Kamembe, juu kilimani: soko, stendi, maduka, misikiti, makanisa, na Kiswahili ambacho hakikungoja sheria. Serikali ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, lakini muuza nyanya wa Kamembe alikuwa amekwisha kukifanya rasmi zamani sana, maana mteja wake anatoka Bukavu.

Ukishuka kutoka Kamembe kwa ile barabara ya mteremko unafika Cyangugu ya chini, ufukoni, karibu na daraja la Rusizi ya Kwanza. Hapo ndipo mto Rusizi unapotoka katika Ziwa Kivu kuanza safari yake ya kwenda Tanganyika. Ng'ambo ni Bukavu, na rasi zake zimeingia majini kama vidole vya mkono. Jioni jua linazama nyuma ya milima ya Kongo, maji yanakuwa mekundu, na hapo ndipo mtu mwenye pesa anapoona kiu.

Sisi hatuna bahari. Chumvi tunanunua dukani. Lakini ufuko tunao, na ufuko wetu ni wa watu wenye nafasi: nyasi zilizokatwa, miavuli, mashua zilizofungwa zikingoja wageni. Majina mgeni atayasikia bila kuuliza. Kuna Emeraude Kivu Resort. Kuna Kivu Marina Bay, ambayo mwenye mali yake ni Dayosisi ya Kikatoliki ya Cyangugu. Kuna Hotel du Lac, jina la tangu zamani, karibu na daraja, na Hotel des Chutes huko juu penye upepo. Ng'ambo kuna rasi waliyoiita La Botte, yaani buti, ambako Wabelgiji walijijengea nyumba nzuri wakati Bukavu ikiitwa Costermansville. Mimi si adui wa mahali hapa. Mtu aliyefanya kazi mwaka mzima ana haki ya kuketi jioni moja mbele ya maji akanywa kitu baridi.

Ila sitakwambia nyumba gani inapika vizuri kuliko nyingine, na si kwa sababu ninaogopa matajiri. Ni kwa sababu wapishi wetu wanahama. Nyumba iliyokulisha vizuri Pasaka inaweza kukupa mpira wa kutafuna Krismasi, na ubao wa jina mlangoni ni uleule. Basi nifuate taratibu, tuanze na samaki.

SAMBAZA

Mgeni akiketi ufukoni, kitu cha kwanza aagize sambaza. Wanyarwanda husema isambaza. Ni samaki mdogo wa urefu wa kidole, na wenzetu wa Tanzania wangemwita dagaa bila kufikiri. Wengi hapa wanadhani sambaza yumo Kivu tangu Mungu alipoliumba ziwa. Sivyo. Ziwa letu lilikuwa na samaki wa aina chache tu, kwa kuwa maji yake ya chini hayana hewa ya kumfaa samaki; yamejaa gesi. Samaki wanaishi katika tabaka la juu. Kati ya mwaka 1958 na 1960 Wabelgiji walichukua samaki wachanga kutoka Ziwa Tanganyika wakawamwaga humu, nao wakazaana. Kwa hiyo chakula tunachokiita cha asili yetu ni mgeni mwenye umri mdogo kuliko mama yangu mzazi, naye alikuja kama wengi wetu tulivyokuja: alipelekwa kwenye kazi.

Anavuliwa usiku. Mitumbwi mitatu inafungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu unateremshwa kati yake, taa zinawashwa juu ya maji. Zamani zilikuwa karabai za mafuta. Siku hizi nyingi ni taa za betri zinazochajiwa kwa jua. Samaki anafuata mwanga na wavu unapandishwa. Usiku wa mbalamwezi kazi hiyo haina faida, maana samaki hana haja na taa yako, na ndiyo maana ukiuliza sambaza wabichi siku za mwezi mpevu utaambiwa hakuna, au utapewa wa juzi. Tena kila mwaka uvuvi wa Kivu hufungwa kwa miezi miwili hivi, mara nyingi kuanzia Agosti, ili samaki wapate kuzaa. Mgeni akija wakati huo na hoteli ikamwambia "wabichi wa leo asubuhi," na atabasamu tu.

Jioni wavuvi wanapotoka wanapiga makasia kwa nyimbo, na wageni pale kwenye nyasi wanainua simu zao kupiga picha. Wageni wanadhani wanaimbiwa. Wimbo ule ni chombo cha kazi kama kasia lenyewe. Mitumbwi mitatu imefungwa pamoja. Wasipoimba, kila mtu atavuta kwa wakati wake na miti itavunjika. Mimi nikiusikia ninakumbuka mkutano wa tawi.

Asubuhi samaki wanapokelewa na akina mama, wengine wa kisiwa cha Nkombo, wengine wa vijiji vya pwani. Wanapanda nao mlima hadi Kamembe kichwani, jua halijachoma. Kufika saa mbili asubuhi samaki yule amekwisha pitia mikono ya mvuvi, ya mchukuzi, ya muuzaji, na bado hajafika jikoni.

Sasa jikoni. Dada mmoja niliyefanya naye kazi, nitamrudia baadaye, alinifundisha bila yeye kujua. Aliwasafisha sambaza kwa kidole gumba, mmoja mmoja, hata wakiwa kilo tatu. Aliwatia chumvi akawaacha wachuje maji. Kisha unga kidogo sana, wa kuwakausha tu, si wa kuwavika koti. Mafuta aliyajaribu kwa samaki mmoja: akizama kimya, bado, akipanda juu kwa kelele, tayari. Aliwatia wachache wachache, na hapo ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu mhudumu amesimama mlangoni anapiga kelele kwamba meza ya nne wamekasirika, na mpishi anamwaga bakuli zima kwa mara moja. Mafuta yanapoa, samaki wanakunywa mafuta. Mgeni anakula kitu laini kinachoteleza na anasema sambaza si chakula. Sambaza wazuri wanalia kinywani. Unawakamulia ndimu, unadondosha matone mawili ya Akabanga, ile pilipili ya mafuta ya kichupa kidogo, si matatu, na unawala wazima na vichwa vyao.

Wageni wanalalamika sana juu ya tilapiya. Wanaagiza mzima, wa kuchoma, na wanangoja saa nzima na dakika ishirini. Nimewahi kusimama upande wa pili wa ukuta ule. Jiko la makaa moja, mpishi mmoja, maagizo sita, na samaki bado ni jiwe la barafu. Tilapiya wengi siku hizi wanafugwa vizimbani humohumo ziwani, ni wazuri, lakini hawajichomi wenyewe. Mgeni akiona serveri anakwepa macho yake, ajue serveri yule anafahamu hali ya jikoni na hana ruhusa ya kuisema.

MAJI YA SABUNI

Niliingia kazi ya hoteli nikiwa na miaka kumi na tisa. Shule ya msingi nilimaliza. Ya juu yake karo haikupatikana. Nyumba yenyewe sitaitaja, na waliokuwapo wanaijua. Nilikuwa muosha vyombo. Bilauri ikivunjika, bei yake iliandikwa kwenye daftari, na bei hiyo aliijua meneja peke yake. Mwezi mmoja, msimu wa harusi, daftari lilinidai karibu nusu ya mshahara.

Lakini sikumbuki bilauri kama ninavyokumbuka chakula. Tuliingia kazini saa nne asubuhi na kutoka usiku, na chakula cha mfanyakazi hakikuwapo. Tulikula kilichorudi kutoka mezani: kipande cha kuku ambacho mtoto hakukitaka, chipsi zilizopoa, mkia wa samaki. Hatukuona aibu, tulikuwa vijana na tulikuwa na njaa. Siku moja meneja akasema tunachelewesha sahani makusudi ili tule. Akaamuru mabaki yote, yakishaingia tu mlangoni, yamwagiwe maji ya sabuni. Kazi hiyo ya kumwaga alinipa mimi. Niliifanya wiki tatu. Nilikuwa ninamwaga sabuni juu ya nyama mbele ya wenzangu, nao walikuwa wananitazama.

Watu wananiuliza kwa nini niliingia chama. Naam.

Wazee wetu waliofanya kazi kwa Wabelgiji, katika migodi ya Katanga na mashamba ya Kivu, walikuwa na neno: posho. Mwajiri wa enzi ile alitakiwa kutoa posho, unga na maharagwe, au thamani yake, juu ya ujira. Hakuwa mtu mwema. Alijua tu kwamba mtu mwenye njaa hachimbi. Na wakati huohuo Mwafrika hakuruhusiwa kuunda chama cha wafanyakazi mpaka mwaka 1946, baada ya damu kumwagika katika mgomo wa Lubumbashi wa 1941, mji ukiitwa Elisabethville. Kwetu Rwanda shirikisho la CESTRAR lilianzishwa mwaka 1985 chini ya chama kimoja cha siasa, likajitenga nacho mwaka 1991. Ninataja tarehe hizo ili vijana wajue kwamba posho ni dai la zamani. Ajabu ni kwamba limebaki kuwa dai hata ndani ya nyumba ambayo kazi yake ni kupika.

Juu ya mshahara nisiseme mengi, maana ukurasa wa Kinyarwanda umeandika. Kima cha chini tunachokijua, faranga 100 kwa siku, kiliwekwa zaidi ya miaka 40 iliyopita. Leo ukipata andazi moja kwa faranga hizo, shukuru. Sheria ya kazi ya mwaka 2018 ilimwachia waziri jukumu la kuweka kima kipya, na vyama vimelipigia mlango jambo hilo mpaka vidole vinauma.

SIKU TISINI

Sasa nimefika kwenye swali langu.

Sheria hiyo ya 2018 inasema mkataba wa kazi usioandikwa hauwezi kupita siku 90 mfululizo. Maana yake, mtu akifanya kazi zaidi ya miezi mitatu, aandikiwe karatasi. Ni kifungu kizuri. Lakini mwajiri mjanja anakisoma kutoka nyuma kwenda mbele. Mpishi akifika siku ya themanini na tano anaambiwa, "Pumzika kidogo, tutakuita." Anaitwa mwingine. Yule wa kwanza anaenda nyumba ya jirani, anapika siku themanini na tano, anapumzishwa. Nimekutana na kijana aliyezunguka nyumba nne za ufuko huu katika mwaka mmoja na nusu na kurudi ileile ya kwanza, kama ng'ombe wa kukoboa. Hana karatasi hata moja. Hana mwezi mmoja uliohesabiwa katika akiba ya RSSB, na hapo pana hasara mpya, kwa sababu tangu Januari 2025 mchango wa pensheni umepanda kutoka asilimia 6 ya mshahara hadi 12, nusu ya mfanyakazi na nusu ya mwajiri. Asiyeandikishwa anapoteza mara mbili ya alivyopoteza zamani.

Na mgeni naye anapoteza. Hilo ndilo nililochelewa kuliona, mimi niliyekuwa nikidhani haki ya mpishi ni jambo la mpishi. Mtu wa siku themanini na tano hajui jiko lile linapovuta na linapochoma. Hajui muuzaji gani wa samaki ni mwaminifu. Akimaliza kujua, anaondoka. Nyumba inayobadilisha mikono kila miezi mitatu haiwezi kukupa sambaza waleule mara mbili, hata ikiweka miavuli ya dhahabu.

Kwa hiyo, ndugu mjumbe, ukiketi ufukoni usiulize kwanza kuna nini cha kula. Mwulize serveri kwa upole: "Mpishi wenu ana muda gani hapa?" Akisema miaka minne, mitano, agiza samaki. Akisema "mimi mwenyewe nimeanza wiki jana, sijui," kunywa soda yako na upande Kamembe. Nimewapa wajumbe wengi kipimo hiki na hajarudi hata mmoja kunilaumu. Mmoja alirudi akasema ameuliza na mpishi mwenyewe akatoka jikoni kumwangalia ni nani. Walisalimiana. Alisema sambaza walikuja wengi kuliko bei.

Yule dada aliyenifundisha mafuta alikuwa na miaka sita katika nyumba moja, bila karatasi. Alikuwa wa kudumu kwa sababu bila yeye watu wasingekuja, lakini hakuna aliyeiandika sababu hiyo. Tarehe 21 Machi 2020 nchi ikafungwa kwa ajili ya korona. Hoteli zikazima majiko, mpaka ukafungwa, watu wa Bukavu hawakuja tena. Juni, wakati sehemu nyingine zimeanza kupumua, Rusizi ikafungiwa tena. Wenye mikataba walipata angalau barua ya kusimamishwa kazi, kitu cha kushika mkononi na kudai. Yeye alikwenda kuuliza, mlinzi wa getini akamwambia jina lake halimo kwenye orodha ya wafanyakazi. Miaka sita. Mpaka wa nchi kavu ulifunguliwa tena tarehe 7 Machi 2022, nyumba ile ikamtafuta. Alikuwa amekwisha anza lake.

BASI TULE WAPI?

Mchana, mfanyakazi anakula Kamembe, na mjumbe afanye vivyo hivyo. Chakula chetu cha mchana ni melanji. Unalipa mara moja, unachukua sahani, unapanga: wali, viazi, ndizi za kupika, maharagwe, muhogo, makaroni juu yake, mboga, na kipande kimoja cha nyama ambacho mama wa nyumba anakitoa kwa mkono wake mwenyewe, hakuaminiani hapo. Kurudia hakuna. Ndiyo maana utawaona watu wanajenga sahani kama fundi anayejenga ukuta, makaroni kama saruji. Faranga elfu moja na mia tano, elfu mbili, kutegemea nyumba na nyama. Samaki mmoja wa ufukoni unaweza kumlipia juma zima la melanji.

Uliza kama wali ni wa Bugarama. Ni bondeni kwetu, kusini ya wilaya, mahali pa chini kuliko pote Rwanda, penye joto, penye mashamba ya mpunga na kile kiwanda cha saruji cha Cimerwa, ambacho wanachama wetu wengi wanakijua kwa mapafu yao. Karibu na msikiti utapata pilau na chai ya tangawizi asubuhi, na chapati. Sombe iliyopikwa na karanga usiipite. Watu waliokulia ng'ambo watakuuliza kama kuna lengalenga na ugali wa muhogo, na mara nyingi vipo.

Jioni ni brosheti, yaani mishikaki, ya mbuzi, na ndizi za kuchoma. Wasio Waislamu wanaijua pia akabenzi, nyama ya nguruwe, iliyopewa jina la gari la tajiri, sijui kwa dhihaka au kwa heshima. Matumbo ya mbuzi yaliyozungushwa kijitini, zingalo, ni ya kujaribu mahali penye watu wengi tu.

Kuhusu kinywaji, Primus ya chupa kubwa ndiyo bia ya mfanyakazi na Mützig ni ya siku ya mshahara. Bralirwa ilianzishwa Gisenyi mwaka 1957, ikaanza kupika Primus 1959, na tangu 1963 ilichemsha mitungi yake kwa gesi iliyotolewa katika Kivu hii hii. Ng'ambo, Bralima ya Bukavu ilipika Primus yake kwa miaka mingi, na wanywaji wa mpakani waligombana kila Jumamosi ipi tamu. Ugomvi huo umekatika vibaya: Februari 2025 M23 waliingia Bukavu, benki za upande ule zikafunga milango, na mwezi wa Juni kampuni ya Heineken ikatangaza kwamba imepoteza usimamizi wa shughuli zake Bukavu na Goma. Wafanyakazi wa bia ni ndugu zetu, chupa yoyote wanayoijaza. Na kwetu ufukoni athari ilionekana mara moja, maana mteja ambaye hawezi kutoa pesa yake benki haagizi tilapiya, na meza zikipungua, wa kwanza kupumzishwa ni yule asiye na karatasi.

Asiyekunywa bia anywe maziwa ya mgando, yako mengi na ni mazuri. Anayetaka urwagwa, bia ya ndizi, aombe mwenyeji ampeleke; mimi sitaandika mahali.

Jambo moja juu ya saa. Tangu tarehe 1 Septemba 2023 mabaa yaliamriwa kufunga saa saba ya usiku, na Ijumaa na Jumamosi saa nane. Wengi walinung'unika. Wahudumu wanawake niliozungumza nao hawakunung'unika, ila waliuliza: mlango ukifungwa saa nane, mimi ninapanda mlima hadi nyumbani na nani? Pikipiki ya saa hiyo inakula matabishi yote ya jioni. Wajumbe wanaokaa mpaka wafukuzwe, na wakumbuke kuna mtu anangoja kufuta meza yao kabla ya kuanza kupanda.

DAI LETU LILIPOFIKIA

Mwaka jana tawi letu lilikwenda kwenye nyumba moja ya ufukoni yenye wafanyakazi ishirini na wawili. Tulikuwa na madai mawili tu: sahani moja ya moto kwa kila zamu, na mkataba wa maandishi kwa kila aliyepita siku tisini. Meneja, kijana msomi, alitukaribisha vizuri, kahawa ikaletwa na mhudumu ambaye jina lake lilikuwamo katika karatasi yetu. Hakuinua macho.

Juu ya chakula meneja alipiga hesabu kwenye simu yake akatuonyesha tarakimu ya mwaka. Ilikuwa kubwa. Mjumbe wetu, mama aliyepika shuleni miaka kumi na moja, akamwomba atuonyeshe ndoo za mabaki zinazochukuliwa na mfugaji wa nguruwe kila asubuhi. Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Akakubali sahani, lakini akataka ikatwe kwenye mshahara. Tukakataa. Tukarudi mara tatu. Mwishowe akakubali wali na maharagwe kabla ya zamu, bila kukata. "Kabla" lilikuwa neno letu na tulilipigania, kwa kuwa mtu akila baada ya zamu amekwisha fanya kazi na njaa.

Mikataba ilikuwa vigumu zaidi. Walioandikiwa mpaka leo ni tisa, wapishi wote wawili wamo. Kumi na watatu bado, wengi ni wasichana wa usafi na walinzi. Meneja amesema anangoja kibali cha mwenye mali.

Basi wajumbe wa mkutano ujao wajue mpango. Mchana tutakula melanji Kamembe, nyuma ya soko, kwa yule dada wa sambaza. Ana meza nane sasa na wasaidizi watatu, na nilipomwuliza kama amewaandikia karatasi alinitukana kwanza, halafu akafungua kabati akanionyesha. Kila mtu alipe yake. Jioni, anayetaka kuteremka ufukoni tutateremka pamoja kwenye ile nyumba ya wapishi wawili. Ninakwenda huko Jumanne kuuliza juu ya wale kumi na watatu, na kama mwezi ni mchanga nitaagiza sambaza.